Kufufua gari la zamani gereji ya nyumbani: anza na bati, rangi ije mwisho

Wakuu, salaam.

Gari langu la kwanza la kufufua nililianzia kwenye rangi. Likatoka jekundu, linang'aa, kila mtu akalisifu. Msimu mmoja wa mvua ukapita, malengelenge yakaibuka chini ya milango yote miwili. Nilipoyachokonoa, puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, ilidondoka kwa vipande na nyuma yake bati hapakuwa, ulikuwa unga wa kutu mtupu. Kazi ya miezi minne ikarudi mwanzo. Mfuatano ufuatao ndio ninaoufuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Kagua bati. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chembamba, itembeze bodi nzima. Inaponata, bati lipo. Inapolegea au kuanguka, pamejazwa puti nene. Kisha ingia chini na bisibisi, gongagonga kwa mpini kingo za chini ya milango, sakafu, matao ya magurudumu na sehemu za kuwekea jeki. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu, na ukikandamiza ncha inazama. Kingo na sakafu zinachomelewa zikapona. Ila kutu ikishakula chasisi au mahali saspensheni inaposhika, ushauri wangu ni utafute bodi nyingine.

Hatua ya 2: Jilinde. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukitaka kulala chini ya gari, likae kwenye stendi za chuma juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Matofali yasikaribie kabisa, hupasuka ghafla bila kukuonya. Kabla ya kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri, na tenki la petroli litoke nje ya gereji, hata kama ni tupu. Linalolipuka ni mvuke, na tenki tupu limejaa mvuke.

Hatua ya 3: Fungua kwa utaratibu. Piga picha kabla ya kufungua chochote. Nati za kila sehemu ziwe na mfuko wake wenye maandishi.

Hatua ya 4: Amsha injini polepole. Hapa wengi huharibu injini iliyokuwa nzima. Usiguse swichi kwanza. Toa plagi zote, mimina kijiko cha oili safi katika kila tundu, acha usiku mzima. Kesho yake weka spana kwenye nati ya puli ya krenkishafti (mhimili mkuu wa injini), zungusha kwa mkono, taratibu, kwa upande wake wa kawaida. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Ukilazimisha kwa stata utavunja ringi za pistoni. Ikimaliza mizunguko miwili bila kugota, badilisha oili na filta, na kama inatumia mkanda wa taimingi, weka mpya. Plagi zikiwa bado nje, piga stata mpaka taa ya oili izime. Baada ya hapo rudisha plagi, uilishe petroli mpya kutoka chombo cha pembeni. Ile iliyolala tenkini imeshachacha.

Hatua ya 5: Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, ndiyo maana silinda za gari lililokaa hushika kutu kwa ndani. Badilisha mafuta, mipira na hozi zote. Vumbi la breki za zamani usilipulize, huenda lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Lilowanishe, ulifute.

Hatua ya 6: Puti na rangi. Bati lililooza likatwe, lichomelewe jipya. Puti ni ya kusawazisha tu, isizidi milimita 3. Kwaruza bati kwa msasa namba 80, paka puti, panda hadi 180, kisha 320 kabla ya praima, yaani rangi ya msingi.

Vikorombwezo kama rimu, taa na muziki vinafuata baada ya hapo. Taa kali zaidi ziwekewe rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na fyuzi yake, maana waya za zamani huungua.

MASWALI

Mkuu, kutu ya juu juu nayo inahitaji kukatwa?
Hapana. Sugua mpaka bati ling'ae, piga praima siku hiyohiyo. Unyevu wa usiku mmoja unatosha kuirudisha.

Matairi yangu yana kashata nzuri, hayajatembea miaka. Niyaache?
Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, kwa hiyo tairi la umri huo toa, ndugu yangu.

Nataka kuweka injini kubwa zaidi. Nianzie wapi?
Breki, kisha saspensheni. Gari lisimame vizuri kabla ya kuongezewa mbio. Pima pia kama giaboksi na redieta zitaihimili.

Barakoa ya vumbi inatosha kupulizia rangi?
Kwa rangi za kuchanganya na kigumishi, haitoshi. Nyingi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Zinahitaji kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje. Kama huna, fanya maandalizi yote mwenyewe, kisha upulizaji umwachie fundi mwenye chumba chake.