Dokta wa kwenye simu sawa, ila mtoto kuna muda lazima ashikwe: fanya hivi

Siku hizi uko zako Uyole au Mafinga, mtoto akikohoa tu unaweka bando, video koli na dokta aliyeko Dar, muda si mrefu umeshatumiwa majina ya dawa. Sipingi, kwa mtu wa Makete ndani ndani huko kipindi cha mvua inaokoa nauli na tope. Ila mtoto ambaye hajui kusema anaumwa wapi, simu inaona sura tu, haimbonyezi tumbo wala haimchungulii sikio, na sikio ndo hilo analilia usiku kucha huku nyumba nzima inasema meno hayo.

Kabla hujapiga simu, hesabu pumzi. Awe ametulia, halii, akiwa amelala ndo poa zaidi, pandisha nguo uone kifua na tumbo, tega saa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ikifika 50, mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5 ikifika 40, hiyo ni haraka, yaweza kuwa nimonia, mpeleke. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta hewa, achana na kuhesabu, ondokeni.

Hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki vizuri: hospitali hata kama ni saa nane usiku. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye hivyo hivyo. Na kama mmetoka Kyela, kule bondeni kwenye joto na mbu wa malaria, kusalimia bibi halafu homa ikaanza, akatolewe tone la damu apimwe malaria, hakuna dokta wa kuiona hiyo kwenye kioo cha simu.

Sasa mkifika, mvue nguo. Hapa ndo sisi wa nyanda za juu tunaharibu jamani, Juni Julai mtoto ana fulana, sweta mbili, jaketi na kitenge juu, mama anashusha zipu kidogo eti dokta apitishe kipimo hapo, atasikia sweta tu. Toa zote za juu, asikilizwe kifuani na mgongoni, ukimaliza mfunike. Dokta akiwa na haraka mwambie tu kwa upole, "dokta naomba umsikilize na mgongoni, na masikio pia", hakuna atakayekupiga.

Viganja mwache avitazame palepale kwenye mwanga wa dirishani kama vimepauka, maana ni dalili ya upungufu wa damu, kwenye kamera rangi inategemea taa ya kwenu. Wa miezi 6 mpaka kabla ya miaka 5 apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mtoto wa kiume omba aguswe kokwa zote mbili kama zimeshuka, akifikisha miezi 6 moja bado iko juu aandikiwe rufaa kwa daktari wa upasuaji (na tafadhali picha za sehemu hizo usimtumie mtu WhatsApp).

Simu itakufaa baada ya hapo: piga picha cheti na kadi ya kliniki, muulize dokta wako kuhusu dozi, mpe maendeleo. Akikwambia mrudishe aangaliwe tena, mrudishe.