Kurusha jeti ya abiria: jifunze maneno pamoja na mkono

Wengi wakianza kusoma urubani wa ndege kubwa wanakosea hapa, wanachukua daftari wanaandika maneno mia mbili, wanayakariri kama mtoto wa darasa la saba anavyokariri maswali ya mtihani, halafu siku ya simuleta (mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha) mdomo unajua ila mkono haujui. Kwenye kokpiti kila neno lina mkono wake. Likisemwa, kuna kitu kinashikwa, kinaachiwa au kinasukumwa, basi. Kwa hiyo neno na tendo visome pamoja, na anza na kupaa, maana ndani ya dakika moja hivi unakutana na mambo mengi ya msingi.

Tuchukue Boeing 737-800 pale JKIA Nairobi, saa nane mchana, jua kali, siti zimejaa.

Kwanza mgawane kazi. Kuna rubani anayerusha na rubani anayefuatilia, na hii haina uhusiano na nani kepteni, fasti ofisa (rubani msaidizi) anaweza kurusha kwenda na kepteni akarusha kurudi. Ni kama suka na konda vile, ila huyu konda wa angani anatakiwa amwambie suka "spidi!" bila kuogopa cheo, na suka ajibu, sio anune.

Sasa kuna spidi tatu za kupaa: V1 ya kuamua kusimama au kuendelea, VR ya kuinua pua, na V2 ya kupanda salama hata injini moja ikifa. Zinapigwa hesabu upya kila safari kulingana na uzito, joto, upepo, urefu wa ranwei, kama imelowa au kavu, na flapsi (vibao vya nyuma ya mabawa) umeweka ngapi. Tuseme leo kompyuta imekupa noti (maili za baharini kwa saa) 140, 142 na 148. V1 watu wanaiita spidi ya kuamua, na hilo jina linapotosha sana, maana ukisubiri V1 ndo uanze kuamua umechelewa. Kama ni kusimama, ikifika V1 mkono uwe tayari umeanza kurudisha throto (wenzo wa nguvu ya injini) nyuma na breki zimeanza kufanya kazi. Ikipita, ranwei iliyobaki huihesabu tena, hata injini moja ikizima unapaa na iliyobaki, ndege imepimwa kwa kazi hiyo. Ndo maana kepteni anaweka mkono kwenye throto hata kama anayerusha ni fasti ofisa, na ikiitwa "V1" anautoa kabisa ili asije akashawishika. Hili fanyia mazoezi nyumbani, kaa kwenye kiti, shika kikombe, sema "V1", toa mkono, watakushangaa siku mbili tatu halafu watazoea.

Na kwa nini nimechagua Nairobi? Kwa sababu uwanja uko futi 5,330 juu ya bahari, hewa nyepesi, na joto likifika nyuzi 25 hivi basi geji ikisoma 140 ndege yenyewe inakimbia kama noti 157 za kweli. Kusimama kutoka hapo ni shughuli nyingine, breki zinakula moto mwingi zaidi. Ndo maana ranwei yake inazidi kilomita 4. Dar iko pale pale pwani, ndege ile ile yenye uzito ule ule inaachia ardhi mapema kabisa.

Mwendo wenyewe uko hivi. Sukuma throto mpaka injini zifike karibu asilimia 40 ya mzunguko, subiri zote mbili zilingane, ndo ubonyeze TOGA (kitufe cha nguvu ya kupaa au kughairi kutua), ukiwa na haraka moja ikaiwahi nyenzake pua inapinda. Kwenye noti 80 anayefuatilia anaita, mwenzie anaangalia geji yake anajibu "cheki". Chini ya 80 unaweza kusimama hata kwa taa ya njano, juu ya hapo ni kwa makubwa tu: moto, injini kufa, onyo la upepo mbaya mbele, au ndege ambayo unaona kabisa haitaruka. Halafu "V1", halafu "roteti", hapo unavuta usukani pole pole, nyuzi mbili mpaka tatu kwa sekunde, ukivuta kwa pupa mkia unaweza kusugua lami. Anayefuatilia akiona kweli ndege inapanda anasema "pozitivu reti", na ni hapo tu, sio kabla, anayerusha anasema "gia apu", yaani magurudumu yakunjwe.

Injini ikifa baada ya V1 je? Kanyaga pedali ya rada (usukani wa mkia, sio ile rada ya kutafuta ndege) pua inyooke, panda kwa V2, gia juu, halafu... usishike kitu mpaka futi 400 juu ya ardhi. Wanafunzi wengi hapa mikono inawawasha. Mkumbuke ajali ya Kegworth, Uingereza, Januari 1989, 737-400 injini ya kushoto iliharibika, marubani wakazima ya kulia, wakafa watu 47. Kwa hiyo kabla ya kuvuta throto yoyote mwenzio lazima athibitishe kwa sauti kuwa ndo yenyewe.

Na redio usiichukulie poa. Kisiwani Tenerife, Hispania, 1977 zilikufa roho 583, jumbo mbili (Boeing 747) ziligongana kwenye ukungu, moja ilianza kupaa bila ruhusa na maneno ya redioni yalieleweka vingine. Siku hizi neno "teki-ofu" linatumika mnara wa kuongoza ndege unapotoa ruhusa yenyewe au kuifuta, kwingine kote sema "dipacha" (kuondoka).

Kushuka kuna hesabu ya kichwani, maelfu ya futi unayotakiwa kushuka zidisha kwa tatu, unapata maili za baharini za kuanzia kushuka. Uko 35,000 unaenda Nairobi? Usizidishe 35, toa kwanza 5 za uwanja, ni 30 mara tatu, maili 90. Wa pwani wanasahau sana hii.

Mashirika mengi yanataka ukifika futi 1,000 juu ya uwanja gia iwe chini, flapsi za kutua zimewekwa, spidi imetulia, cheklisti imeisha. Kama bado, usibembeleze ndege. Sema "go araundi, flapsi 15", yaani ghairi kutua upande tena, bonyeza TOGA, pua juu kuelekea nyuzi 15, subiri usikie "pozitivu reti", nawe ujibu "gia apu". Si unaona, ni yale yale ya kupaa yamerudi. Mnara utaambiwa baadaye kidogo, na abiria baada ya mnara.