Chungwa la Buguruni ni la kijani: kufundisha darasa la awali kwa kupaka rangi matunda

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha awali, hapa Temeke, niligawa karatasi zenye picha ya chungwa. Mtoto mmoja akalipaka lote kijani. Nikamsahihisha, nikamwambia chungwa lina rangi ya chungwa. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, ya bibi ya kijani." Bibi yake alikuwa anauza machungwa Buguruni. Nililala na jambo lile usiku kucha, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimeiamini picha.

Tangu hapo somo langu huanza na tunda lenyewe. Nafanya hivi, kwa watoto 43 wa miaka 4 hadi 6.

Hatua ya 1: Pita sokoni kwanza

Chukua matunda mawili ya msimu, yakizidi sana matatu. Maembe hujaa Dar kuanzia Novemba hadi Februari hivi, machungwa hujaa katikati ya mwaka. Ndizi na papai utapata siku yoyote. Achana na stroberi zilizojaa kwenye picha za mtandaoni. Mtoto ambaye hajawahi kuishika stroberi hana cha kukuambia juu yake. Siku moja kabla, waulize wazazi kama kuna mtoto anayedhurika na tunda fulani. Hili usiliruke.

Hatua ya 2: Chora mwenyewe

Tunda moja kwa karatasi ya A4, kubwa, kwa mstari mnene wa makapeni. Kunja karatasi katikati: kushoto chora tunda likiwa zima, kulia chora lilivyo likikatwa. Kisha toa kopi. Huhitaji kipaji cha kuchora, papai ni yai lililorefuka. Kwa wale wadogo ambao mkono bado haujatulia, pitisha gundi nyeupe juu ya mstari na uiache ikauke. Itainuka kidogo, na krayoni ikigonga pale mtoto anajua amefika ukingoni bila kuambiwa.

Hatua ya 3: Vunja krayoni

Walimu wenzangu huumia wakiona hili. Lakini mtoto akipewa krayoni ndefu huikamata kwa ngumi, kama mchi. Kipande cha sentimita 3 hakishikiki kwa ngumi. Lazima kidole gumba na cha shahada vifanye kazi, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli mwakani. Weka vipande kwenye kopo moja kwa kila watoto 6. Makusudi, usitie manjano mbili. Atakayeitaka atalazimika kusema, "Naomba manjano," na kusubiri.

Hatua ya 4: Shika, nusa, kata, onja

Hapa usiwe na haraka. Mimi huipa dakika 20 nzima, kabla krayoni haijatoka. Kaeni mkekani kwa mduara, mikono imenawishwa, tunda lizunguke. Uliza maswali yasiyo na jibu moja: Ngozi yake ikoje? Linanukia wapi zaidi, kwenye kikonyo au chini? Ukilikata ndani kutakuwa na rangi gani? Wacha wabishane. Kisha kata wewe mwenyewe, kisu kikae kwako muda wote.

Papai likifunguka na mbegu zake nyeusi zikang'aa, utasikia darasa zima likivuta pumzi. Hapo ndipo ninapotaja rangi, maana Kiswahili kimezificha ndani ya vitu ambavyo watoto wanavijua. Kijani kimetoka kwenye jani. Kahawia, kahawa. Manjano ni ile bizari ya jikoni kwa mama. Zambarau ni tunda linaloacha ulimi wote na rangi hiyo.

Na chungwa? Wakubwa wakiuliza kwa nini letu ni la kijani na la kwenye picha sivyo, waambie kweli: ganda la chungwa hupoteza ukijani usiku ukiwa wa baridi. Kwetu pwani usiku ni wa joto, kwa hiyo linaiva likiwa limevaa kijani chake.

Hatua ya 5: Sasa wapake

Tunda libaki katikati ya kundi, walitazame. Maagizo ni mafupi: "Paka unachokiona." Usiguse karatasi ya mtoto. Akitoka nje ya mstari, mwache; wa miaka 4 kazi yake ni kusugua tu, na inatosha. Wa miaka 6 mwonyeshe kupaka manjano kwanza, halafu nyekundu kidogo juu yake, aone nyama ya papai inavyotokea.

Hatua ya 6: Maneno na hesabu, wakiwa bado wanapaka

Pita kundi kwa kundi. Pigeni makofi kwa silabi: pa-pa-i, na-na-si, ndi-zi. Hesabuni yaliyopakwa: papai moja, mapapai mawili, ndizi moja, ndizi mbili. Usifafanue kwa nini papai linabadilika na ndizi haibadiliki. Sikio linashika lenyewe. Akisema "papai imeiva," jibu tu kwa furaha, "Ndiyo, papai limeiva!" na uendelee.

Hatua ya 7: Tunza kazi zao

Siweki vema wala mkasi. Namuuliza mtoto, "Niambie kuhusu tunda lako," na naandika maneno yake nyuma ya karatasi kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Zote zinaingia kwenye faili lake. Mzazi akija mwisho wa muhula, naweka karatasi ya Januari na ya Juni mbele yake, kisha nazigeuza asome.