Kabla hujasema "yule anaringa"

Kwanza tenganisha ulichokiona na ulichokiongezea mwenyewe. Dada wa ofisini kapita asubuhi hajakusalimia. Ulichokiona ni kapita kimya, basi. Kwamba ana nyodo, sijui kinyongo, hayo umeyajazia wewe. Kumbe mwenzio anakaa Chanika, pembezoni kabisa mwa Dar, katoka kwake saa kumi alfajiri, kasimama kwenye daladala mpaka Posta mjini, halafu wewe unamsubiria tabasamu.

Pili, angalia mtu kabanwa na nini. Hapa ndo penyewe. Chukua konda anayewazuia wanafunzi mlangoni. Ukorofi upo, sikatai, na wengine wana roho mbaya tu, ila yule na dereva wake wanadaiwa hesabu ya bosi kila siku, iwe mvua iwe foleni, kinachobaki baada ya mafuta ndo chao, na mwanafunzi analipa nauli ndogo kwa nafasi ileile, sasa mpeleke mpole yeyote unayemjua akae pale mlangoni wiki moja tuone. Au yule kijana kwenye siti ambaye hampishi mama aliyesimama, wote mnasonya, kumbe kageuza na gari, kalipa nauli mara mbili ili akae, na usiku kucha alikuwa lindo.

Hata watu wa dini hubadilika wakibanwa. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1973 kule Marekani, wanasaikolojia Darley na Batson waliwatuma wanafunzi wa uchungaji wa Princeton wakatoe mada jengo la pili, wengine mada yenyewe ni Msamaria mwema, na njiani wakamuweka mtu kajikunyata anakohoa na kuguna. Walioambiwa wamechelewa, waliosaidia ni asilimia 10. Wasio na haraka, 63.

Tatu, uliza, ila usiulize kipolisi. "Mbona unanidharau?" hiyo ni vita. Sema "leo naona uko kimya, kwema?" Atajibu kwema, maana ndo tulivyolelewa, hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Usimkazie. Habari yenyewe inakuja baadaye mkiwa kwa mama ntilie mnasubiri chapati, usichukue simu hapo.

Ila mtu akikopa mara ya tatu halafu anazima simu kila tarehe ya kulipa, huyo ushamuelewa, dai hela yako.