Kabla hujalipia nyumba: pima mabomba na AC hivi

Mimi ni fundi wa mabomba na AC hapa Kisumu na kazi nyingi nayopata inatoka kwa watu washalipia nyumba tayari. Wanapiga simu mwezi wa pili ama wa tatu, ukuta umelowa, bili imeruka, AC inadondosha maji juu ya kitanda. Nikiuliza kama walifungua maji siku ya kuona nyumba wanasema ndio fundi, tulifungua, ilikuja na presha kabisa. Shida inaanzia hapo. Maji kutoka kwa mfereji dakika mbili haikuambii kitu, ni ukishafunga kila mahali, maji ikae imetulia ndani ya paipu, ndio nyumba inasema ukweli. Kwa hivyo tenga nusu siku nzima, beba tochi, maka pen, ndoo, tishu, na rangi ya chakula ile ya keki.

Hatua ya 1: mita, halafu tenki

Funga mifereji yote. Panda juu ama tuma mtu afunge valvu inayoingiza maji kwa tenki, juu tenki ikiwa bado inajaa mita itazunguka na utadhani kuna mahali panavuja. Piga mita picha, mpaka zile namba nyekundu ndogo. Usiguse maji saa moja nzima, hata kunawa mikono. Rudi upige picha tena. Ikiwa namba imesonga, kuna maji inapotelea ardhini kati ya mita na tenki.

Wengi wanaishia hapo na wanafurahi mita haijasonga. Lakini mita haioni chochote kinachotokea baada ya tenki. Valvu na mifereji ikiwa bado imefungwa, chukua maka pen uchore mstari mahali maji imefika ndani ya tenki, subiri saa ingine, bora zaidi ni usiku mzima kama mwenye nyumba atakubali, kisha uangalie. Tenki yenye upana wa mita 1 ikishuka sentimita 1 pekee hiyo ni karibu lita 8 zimeenda.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama mwalimu, alinunua upande wa Mamboleo. Mita yake ilikuwa imetulia kabisa na kila mtu alimwambia mabomba yako sawa mwalimu, ni wewe unatumia maji mingi. Mimi nikachora mstari jioni nikarudi asubuhi, tenki imeshuka upana wa vidole viwili na hakuna mtu alilala kwa hiyo nyumba. Elbo, ile kona ya paipu, ya maji moto nyuma ya taili za bafu ilichomwa haraka haraka, haikushikana vizuri, maji ikawa inatembea chini ya taili mpaka ukuta wa chumba cha mtoto. Paipu za PPR, zile za plastiki zinazounganishwa kwa kuchomwa, ziko hivyo, ukizichoma vizuri zinashikana zikawa kitu kimoja, ukikimbiza kazi zinakaa miezi kadhaa halafu zinaanza kutoa jasho polepole. Ilibidi tubomoe taili. Huyo mama aliniuma roho sana, pesa yake ya kustaafu ndiyo alinunulia hiyo nyumba, na mstari wa kalamu ungemwonyesha kabla hajaweka sahihi.

Sasa ukiwa huko juu angalia pia stendi ya tenki. Maji ya lita 1,000 ni kilo 1,000, hiyo ni tani moja inakaa juu ya vichwa vya watoto wako. Mbao ikiwa imepinda ama chuma imeliwa na kutu kwa miguu, iandike kwa bei. Na upime kwa macho tenki iko juu ya shawa kwa mita ngapi, juu mita 10 ndio inakupa ba 1 ya presha, kwa hivyo tenki iko mita 2 juu ya shawa ni ba 0.2 tu na shawa zingine za stima zinaweza kukosa kuwaka hapo vizuri, huenda ukahitaji pampu ndogo.

Hatua ya 2: choo

Tia rangi ya chakula ndani ya tanki la choo, usiflashi, ngoja dakika 20. Rangi ikionekana chini kwa bakuli, raba ya ndani imeisha. Ni kitu rahisi kubadilisha lakini choo kama hicho kinamwaga maji mchana na usiku bila kelele. Kisha shika choo kwa mikono miwili ukitingishe. Kikicheza, maji chafu inaingia chini ya taili.

Hatua ya 3: menholi

Hii watu wanaona aibu kuuliza. Menholi ni yale mashimo ya nje ambapo maji chafu inapita. Fungua vifuniko vyote, mtu mmoja aflashi ndani na wewe usimame nje uangalie maji ikipita. Inafaa ipite mara moja na kuondoka na kila kitu. Ikija polepole, ama ukiona maji imesimama ndani ya menholi hata kabla ya kuflashi, mteremko ni mbaya ama paipu imezama. Paipu ya inchi 4 inataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja.

Upande wetu wa chini, kuelekea uwanda wa Kano, shida kubwa ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, mvua ya Machi mpaka Mei ikija unavimba, na hiyo kuvimba na kunywea ndiyo inavuta maungio ya paipu mpaka yaachane. Paipu iliyolazwa moja kwa moja kwa huo udongo bila kitanda cha mchanga haidumu. Tembea juu ya laini yote ukiangalia nyasi, penye nyasi ni kijani kuliko kwingine wakati wa jua, chimba hapo.

(Kama unanunua Nakuru na nyumba inatumia borihoo, peleka maji maabara wapime floridi. Maji mengi ya chini huko Bonde la Ufa iko nayo mingi, inaharibu meno ya watoto na mifupa, na kuchemsha haitoi, inafanya tu izidi kukolea.)

Hatua ya 4: AC

Omba usikute AC imewashwa. Muuzaji akiiwasha saa mbili kabla ufike utapata chumba baridi na hutajua imefanya kazi kiasi gani. Ukifika imezimwa, iwashe wewe, weka rimoti 20, ngoja dakika 15, kisha weka kipimajoto pale hewa inaingia na pale inatoka. Tofauti ikiwa kama digrii 8 mpaka 12 iko sawa. Chini ya hapo kuna kitu, na mara nyingi ni uchafu tu.

Uchafu wa Kisumu si vumbi peke yake. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi juu ya maji, wakiletwa na upepo usiku wanafuata taa, na mashine ya nje ikiwa imefungwa karibu na taa ya ukuta wanajipaka kwa zile bati nyembamba za nyuma mpaka hewa haipiti. Mashine inachemka, stima inaenda, mwishowe kompresa inakufa. Zima breka kwanza, ngoja, safisha na brashi laini na maji ya hosi ya kawaida. Usiitie mashine ya kuosha magari, ile presha inalaza bati zote na hapo umejiletea shida ingine.

Filta ya ndani unatoa mwenyewe, unaosha na maji na sabuni kidogo, unakausha kivulini, kila wiki mbili kama unaishi karibu na ziwa. Paipu ya kutoa maji ikiziba ndio AC inalia juu ya kitanda, ivute kutoka nje na vakyumu ya maji ama mwambie fundi aipulize.

Na tafadhali, gesi ya AC hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, ikipungua imevuja. Fundi akikwambia ni ya kujaza kila mwaka, mwulize inavujia wapi, na usilipe kabla hajakuonyesha mahali na kuziba. Soma pia kibandiko cha mashine ya nje. Ikiandikwa R22 ni ya zamani, hiyo gesi inaondolewa chini ya mkataba wa Montreal wa 1987 na kwa nchi kama yetu karibu yote inafaa iwe imetoka kufikia 2030, kwa hivyo hesabu AC mpya kwa bajeti yako. Ikiandikwa R32 iko sawa lakini inaweza kushika moto, hakuna mtu achome paipu hapo gesi ikiwa ndani.

Hatua ya 5: ukishahamia

Rudia ule mstari wa tenki na mita kila miezi mitatu. Tafuta valvu kubwa ya kufunga maji ya nyumba yote, ifunge na uifungue siku hiyo hiyo unarudia, juu valvu isiyoguswa miaka inakwama, na utajua imekwama usiku paipu imepasuka. Ipake rangi nyekundu, kisha uite watoto na dada wa kazi mmoja mmoja, kila mtu aizungushe kwa mkono wake mwenyewe ukiangalia.