Marathon ya nje kwa sisi tunaokimbia pole pole

Oya wana Tanga, kabla hujalipia chochote angalia kwanza muda wa mwisho wa kumaliza, maana kilomita 42.195 kwa spidi yetu sio mchezo. Berlin wanakupa masaa 6 na dakika 15, yani kila kilomita usizidi dakika 8 na sekunde 50 hivi, na hapo foleni ya choo imo humo humo. Honolulu hawafungi muda kabisa, ila nauli yake sasa, mmh!

Kwa Berlin, viza ya Schengen (ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya) unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla, so usisubiri.

Mazoezi mi naanza saa kumi na moja alfajiri, Raskazone kwenda na kurudi, nakimbia dakika nne natembea moja, watu wanacheka basi wacheke. Joto letu hili linakusaidia kidogo, ila kule Berlin Septemba, mbio zinapofanyika, asubuhi kuna baridi, vaa sweta la mtumba ulitupe ukishaanza. Raba ziwe zile zile ulizozizoea na uzibebe kwenye begi la mkononi, nguo utaazima, raba huazimi. Namba ya kukimbilia, ile ya kubandika kifuani, unaichukua mwenyewe kule kule, na pasipoti mkononi.