Glovu haina tundu, dawa imepitia wapi?

Msimu uliopita, kwenye shamba la nyanya kule Ilula, nilimkuta kijana anachanganya dawa ya kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, amevaa glovu nyembamba za hospitali. Zilikuwa nzima kabisa. Alipozivua, ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kulegea, na mikono inanuka dawa. "Sasa imepitia wapi, bwana shamba?"

Imepita kwenye mpira wenyewe. Dawa zile zinazogeuka kama maziwa ukizitia majini mara nyingi huwa na viyeyushi, navyo hupenya mpira mwembamba bila kuutoboa. Ndiyo maana maabara haziishii kutafuta matundu. Kipande cha glovu hubanwa kati ya vyumba viwili vidogo, kemikali ikawekwa upande mmoja, kisha zikahesabiwa dakika hadi ijitokeze upande wa pili. Glovu yenye mchoro wa chupa ya maabara na maandishi Type A imestahimili angalau dakika 30 kwa kemikali zisizopungua 6. Type B ni dakika hizohizo 30, ila kemikali 3. Type C ni dakika 10 tu, kemikali 1.

Ila kemikali hizo za kipimo ni kama methanoli na kostiki soda, si viuatilifu. Glovu za viuatilifu zina kiwango chao cha kimataifa, ISO 18889. Humo, glovu yenye alama G2 ndiyo inayofaa kushikia dawa ambayo haijachanganywa. G1 haifai kwa kazi hiyo. Na hapo ndipo penye hatari kubwa: unapofungua chupa na kupima kwa kifuniko, dawa ikiwa kali bado. Kama hela inatosha jozi moja tu, nunua glovu nene ya naitraili (aina ya mpira wa kiwandani) inayopita kifundo cha mkono. Za kitambaa na ngozi hunyonya dawa, ziacheni.

Kabla ya kazi, kunja mdomo wa glovu ubane hewa ndani, izamishe kwenye ndoo ya maji, kamua. Ukiona mapovu, imetoboka. Usiipulize kwa mdomo. Iliyovimba, inayonata au iliyokakamaa, itupe hata kama haitoi povu.

Wenzangu wa viazi Uporoto, mnaopiga dawa ya ukungu mara kwa mara mvua zikikolea, hili linawahusu zaidi. Osheni glovu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, na msikae na jozi ileile msimu hadi msimu. Dawa iliyokwisha kuingia kwenye mpira haitoki kwa sabuni. Huendelea kupenya glovu ikiwa imetundikwa stoo, na kesho yake unaivaa ikiwa imeshafika upande wa ngozi.